Taa Ziliishia Kwenye Mikaratusi

Nilipoolewa, mama mkwe hakunifundisha kupika wala kuchuma chai. Hayo nilikuja nayo. Nimezaliwa upande wa Nyakoe, si Nairobi. Alichonifundisha wiki ya kwanza ni kupisha. Tulikuwa tunatoka mtoni, mwanamume akakohoa mahali fulani mbele yetu, kwenye kona ambayo hata hatujaifikia. Mama mkwe akanivuta mkono tukaingia kwenye migomba, akanigeuza uso kwa mikono yake miwili, akaninong'oneza, "Akipita ndiyo urudi njiani. Usimtazame."

Desturi hiyo sisi Wakisii tunaiita ensoni. Ni heshima na aibu kwa pamoja. Mke wa mwana haangaliani na baba mkwe ana kwa ana, hampi mkono, hakai kwenye kiti alichokikalia. Na baba mkwe si mmoja. Ni ndugu zake, binamu zake, rika lake lote, kwa hiyo ukijumlisha, nusu ya wanaume wenye mvi katika mji huu ni baba mkwe wangu. Lakini kamba hiyo inafunga pande zote mbili. Mzee hukohoa mapema ili akupe nafasi, na akikukuta bado uko njiani, yeye ndiye hutoka. Ninaanza na hilo kwa sababu asiye wa kwetu akisoma yanayofuata bila kulijua atasema tulikuwa wajinga.

Bustani ya umma ya mji wetu iko kati ya soko na mtaa tunaokaa. Zamani ulikuwa msitu mdogo wa mikaratusi. Kaunti ikakata nusu, ikapanda nyasi, ikaweka viti vya saruji na kibao cha kukataza watu kukojoa. Nusu ya pili ikaachwa na miti yake. Njia moja tu inapasua bustani nzima, kutoka lango la sokoni, kupitia viti, kuingia mikaratusi, mpaka mtaani. Ukitaka kuikwepa unafuata lami, na lami yetu ni nyembamba, malori ya majani chai yanapita yakikufagia, pa kuweka mguu hakuna. Kwa hiyo wanawake wanaotoka kazini jioni hupita bustanini. Mimi nashona sare za shule kwenye kibanda sokoni. Nafunga magharibi, binti yangu mgongoni, na napita.

Mke wa shemeji yangu pia alikuwa akipita. Yeye ni mdogo kwangu, mimi humwita mdogo wangu tu. Alikuwa akipika chapati kwenye hoteli karibu na stendi. Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, alikuwa peke yake kwenye mikaratusi, akasikia kikohozi mbele. Kikohozi kile cha mzee, kizito, cha mara mbili. Akafanya kama alivyofundishwa. Akatoka njiani, akaingia kwenye miti, akainamisha kichwa, akangoja hatua zipite.

Hatua hazikupita. Zilimfuata.

Aliokolewa na mama samaki. Huyo ni mwanamke wa kutoka kaunti za ziwani, anapanga chumba mtaani kwetu na kuuza samaki wa kukaanga. Alikuwa nyuma na beseni lake kichwani, akasikia vurugu, akapiga mayowe ambayo mpaka leo watu wanayaigiza. Yule mtu akakimbia. Mama samaki aliona mgongo tu: koti refu la mzee, kofia ya mzee. Mdogo wangu hakuona chochote. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alitoka pale na mkono umeteguka bega, nguo imechanika, na walipomuuliza ni nani akasema neno moja ambalo lilimponza: "Alikohoa."

Maana yake nini, amekohoa? Wazee waliuliza hivyo. Kwa nini uliingia msituni na mwanamume? Kikohozi ni cha wazee. Anataka kusema mzee? Mzee gani? Shemeji yangu, mumewe, akamrudisha kwao Kenyenya "apumzike kidogo." Kila mtu anajua kupumzika kidogo kwa mke aliyerudishwa kwao kuna maana gani.

Hasira yangu haijaanza leo.

Miezi michache baadaye kaunti ikatangaza taa za sola kwa bustani. Afisa alikuja na milingoti imeshachorwa kwenye ramani, ya kutosha njia nzima, lango mpaka lango. Ikabaki kuuliza wakazi. Mkutano wa kwanza waliuitisha Jumamosi, kana kwamba hawajui nusu yetu ni Wasabato, ikabidi urudiwe Jumapili alasiri, pale pale kwenye viti vya saruji. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi ni baba mkwe wangu. Si mmoja wa wale wengi. Ni yeye mwenyewe, aliyemzaa mume wangu.

Aliongea kwa upole. Yeye hana sauti ya ugomvi, na hilo ndilo humfanya asikilizwe.

"Taa tunazitaka," alisema. "Nani anakataa maendeleo? Lakini zikiwekwa kule kwenye miti kwa sababu ya habari za yule msichana, basi tumekubali kwamba ni mzee wa hapa. Kila mzee atakayepita atakuwa mshukiwa anayemulikwa. Mimi siwezi kuweka sahihi hapo."

Mzee mwingine akadakia. "Tena giza lina kazi yake. Nikikutana na mke wa mwanangu jioni, giza ndilo linanisitiri. Mkiweka taa tutatazamana kama mbuzi mnadani. Mtatuvua nguo."

Watu wakaguna kukubali. Mwendesha boda mmoja aliyeegemea pikipiki yake akasema, "Sasa wazee, tuwaombe kaunti watuwekee milingoti ya giza?" Vijana wakacheka. Hata afisa alicheka kidogo, akajificha kwenye simu.

Mama samaki akasimama bila kuomba nafasi. "Mimi si wa hapa, mnisamehe. Kwetu mtu akikohoa tunampa dawa ya kifua. Nyinyi akikohoa mnampa njia, na msichana juu yake."

Hapo kicheko kikawa cha wasiwasi.

"Huyo mtu nilimwona mgongo," akaendelea. "Koti ni la mzee, sikatai. Lakini ile mbio! Aliruka ule mtaro kama swara. Mzee yeyote hapa anayeruka hivyo asimame, tumwone, tumpeleke mashindanoni."

"Mama," baba mkwe akamwambia, "wewe ni mpangaji."

"Mpangaji ana macho, mzee wangu."

Mimi sikuweza kumjibu baba mkwe. Siyo kwamba niliogopa. Mke wa mwana hasimami mbele ya watu akapingana na baba mkwe mdomo kwa mdomo, hata wanaonipenda wangenizomea. Kuna njia moja tu, na wanawake wa kwetu wameitumia tangu zamani: unaongea na mtoto. Nikasimama, nikampa baba mkwe mgongo, nikamweka binti yangu mbele ya uso wangu. Alikuwa hajamaliza miaka miwili.

"Mwambie sokoro," nikamwambia, maana ndivyo anavyomwita babu yake, "mwambie mama anasema hakuna aliyemshtaki mzee. Kuna mtu amejifunza kikohozi chao. Ameiba heshima yao na anaivaa kama lile koti. Mwambie taa ndiyo itawatoa wazee kwenye kesi."

"Sokoro," binti yangu akaita kwa sauti kubwa, "nataka ndizi."

Watu walicheka mpaka wengine wakapiga mapaja. Nilihisi maneno yangu yakifukiwa. Lakini baba mkwe alikuwa amesikia, na akajibu kwa njia ile ile, kupitia kwa mtoto.

"Mjukuu wangu, mwambie mama yako kwamba mama zetu walipita kwenye msitu huu kabla haujaitwa bustani. Hakukuwa na taa hata ya kibatari. Na hawakuguswa."

"Mwambie sokoro waliguswa," nikasema. "Walinyamaza tu."

Hakuna aliyecheka. Upande wa wanawake wazee, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye nyasi na miguu imenyooshwa. Alitazama chini, na hakuinua macho tena mpaka mkutano ukaisha. Mimi niliwatazama wanaume. Walikuwa wengi, wa kila umri, wamesimama nyuma, mikono mfukoni. Nikawaza: yule mtu anaweza kuwa hapa. Kama yuko, amesikia nani anataka taa. Ameniona uso mimi, mimi sijamwona.

Wakakubaliana kama tunavyokubaliana sisi: kila mtu apate kidogo ili asiweze kulalamika. Taa ziwekwe kwenye nyasi na viti, ambako ni pa kupumzikia. Milingoti iliyobaki ipelekwe kwenye uwanja wa mpira na langoni. Njia ya mikaratusi ibaki ilivyo, "kwa heshima." Afisa aliandika haraka, kama mtu mwenye haraka ya kurudi kwake Nyamira kabla ya mvua.

Taa zikaja. Sikatai kwamba ni nzuri. Watoto wanacheza chini yake mpaka wanaitwa, na wauza mahindi wamehamia hapo. Lakini mtu ambaye hajawahi kupita kwa miguu ndiye aliyebuni taa inayoishia katikati ya njia. Ukisimama chini ya mlingoti wa mwisho huoni mti hata mmoja. Mbele yako ni ukuta mweusi. Na aliye ndani ya miti anakuona wewe wote, mpaka vifungo vya sweta. Anajua una nini mkononi. Anajua kama uko peke yako. Zamani giza lilikuwa letu sote. Sasa ni lake.

Na vikohozi vikaanza kusikika tena. Wasichana wa hoteli walisema. Mke wa mwalimu alisema. Unasikia kikohozi, unatoka, unangoja, hakuna anayepita. Unarudi njiani, kinakuja tena, mara hii nyuma yako. Hakuna aliyeguswa. Baba mkwe aliposikia alisema, "Basi kama hakuna aliyeguswa, shida ni nini?"

Mimi nilikata shauri. Sitatoka njiani tena, akohoe nani.

Jioni moja baada ya mvua nilipita mlingoti wa mwisho, mtoto amelala mgongoni, simu mkononi. Nilikuwa ndani ya miti niliposikia. Kizito, mara mbili. Miguu yangu yenyewe ilitaka kutoka. Niliikaza. Kikaja tena, karibu. Nikawasha tochi ya simu na kuielekeza juu, usoni, moja kwa moja.

Alikuwa baba mkwe. Alikuwa amebeba sukari na mkate kwenye mfuko. Macho yake yalikuwa wazi kama ya mtu anayezama. Kwa kitambo kile kifupi tulitazamana, kitu ambacho hatukuwahi kufanya tangu siku ya harusi, kisha akajifunika uso kwa kofia, akatoka njiani mwenyewe, akakanyaga kwenye tope la mtaro mpaka kwenye kifundo, akasimama huko amenipa mgongo. Mtoto aliamka. "Sokoro," akaita kwa furaha. Nilipita, tochi imeelekea chini, na nyuma yangu nikamsikia akikohoa tena, na tena, hata mimi nikiwa nimeshapita. Ndipo nikaelewa. Hakuwa ananionya mimi. Alikuwa anaogopa, kama sisi.

Nilifikiri uoga ule utamfunza. Tazama ulichomfunza.

Jumapili iliyofuata niliitwa nyumbani kwake. Yeye alikaa chumba cha ndani, mlango ukiwa wazi kidogo, ili asikie bila kuonana nami. Aliyeongoza ni dada yake, shangazi wa mume wangu, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya shule. Mama mkwe alikuwapo. Shemeji yangu alikuwapo. Na pembeni, kwenye kigoda, alikuwapo mdogo wangu, ambaye walikuwa wamemrudisha kutoka Kenyenya siku chache kabla. Alikuwa amekonda. Bega lile lilikuwa limeshuka kidogo kuliko lingine.

"Umemmulika mzee wako," shangazi akaanza. "Usoni. Na tochi."

"Sikujua ni yeye."

"Alikohoa, ama hakukohoa?"

"Alikohoa. Hata yule mwingine anakohoa."

"Tunaongea juu ya huyu."

Ilisemwa kwamba itachinjwa mbuzi, mambo yasafishwe. Mume wangu, ambaye anafanya kazi ya ujenzi Narok, alinipigia na kusema, "Kubali mbuzi, yaishe." Mbuzi nilikubali. Mbuzi hana shida. Shida ilikuja baadaye, shangazi alipokunja mikono na kusema, "Na utaahidi hapa, mbele ya mama yako, kwamba ukisikia mzee anakohoa utapisha."

"Mkiniwekea taa nimwone ni mzee, nitapisha."

"Hatukuulizi habari za taa."

"Basi siahidi."

Kule ndani kiti kililia, kama mtu amejigeuza.

"Kichwa cha huyu ni cha jiwe," shangazi akasema, si kwangu, bali kwa nyumba nzima. Kisha akageuka. "Na wewe?"

Alikuwa anamuuliza mdogo wangu. Nilimtazama shemeji yangu, nikingoja aseme kitu. Alikuwa anakwangua matope kwenye kiatu kwa ukucha. Ndipo nikaelewa kwa nini walimrudisha siku hizo hasa. Hii ndiyo ilikuwa bei ya kurudi kwake, na mimi nilikuwa nimeletwa kama mfano wa asiyelipa.

"Nitapisha," mdogo wangu akasema.

"Sema tusikie."

"Nikisikia mzee anakohoa, nitapisha."

Mama mkwe akainuka, akaenda jikoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

Mdogo wangu alirudia kazi yake hotelini. Niliapa hatapita peke yake, kwa hiyo nilikuwa nikifunga kibanda na kumngoja langoni, tunaenda pamoja, mimi na mtoto mbele, yeye nyuma, nimemshika mkono. Hatukuwa tunaongea sana. Niliwahi kumwuliza, "Kweli ungetoka tena?" Akasema, "Dada, wewe mume wako hajawahi kukurudisha kwenu."

Jioni ninayotaka kuisimulia mvua ilikuwa imenyesha mchana, nyingine inakaribia, na wauza mahindi walikuwa wamefunika majiko yao. Chini ya mlingoti wa mwisho nilitoa simu, chaji ilikuwa imeisha, nilikuwa nimeshona na redio ya simu siku nzima. Tukaingia hivyo hivyo. Majani ya mikaratusi yakiwa makavu hupiga kelele chini ya mguu, lakini yalikuwa yamelowa, na hatukujisikia hata sisi wenyewe tukitembea.

Kikohozi kilikuja mbele yetu. Kizito, mara mbili.

Nilikaza mkono wake. "Usiende," nikamwambia. "Simama na mimi." Mkono ukajipinda kidogo, kama samaki, ukaniponyoka. Nikasikia matawi. Alikuwa ametoka.

Nilisimama katikati ya njia. Nilingoja mzee afanye kama wazee wanavyofanya, atoke pembeni, au aseme "Bwairire," salamu yetu ya jioni, akiwa mbali bado. Hakusalimu. Hatua zilikuja, hazikuwa na haraka, na zilikuja moja kwa moja mpaka nikasikia harufu ya koti lililonyeshewa. Hapo zikasimama. Hazikusimama mbele yangu. Zilisimama upande wangu, mahali alipoingilia mdogo wangu. Yule mtu alikuwa ametusikia, na alijua yupi ametii.

Akakohoa tena, polepole, akielekea kwenye miti.

"Tuko wawili," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba, na hilo linaniudhi mpaka leo. "Nimesema tuko wawili, na mimi sitoki hapa. Mimi nitapiga mayowe mpaka stendi."

Mtoto akaanza kulia mgongoni. Sijui kama ni kilio chake au ni maneno yangu yaliyomzuia. Yule mtu alikaa kidogo, anapumua kwa pua, kisha akanipita. Koti lake liligusa kiwiko changu. Hakuharakisha. Alitembea kuelekea upande wa taa, na kabla ya kufika kwenye mwanga akakata kulia kwenye miti, nikampoteza.

Niliingia kumtafuta mdogo wangu kwa mikono. Alikuwa ameegemea mti, ameinamisha kichwa, viganja usoni, vile vile tulivyofundishwa.

"Ameshapita?"

"Ameshapita."

"Alikuwa mzee tu," akasema.

"Umejuaje?"

"Si alikohoa."

Nilimshika kifundo cha mkono, si kiganja tena, nikamvuta mpaka njiani, na sikumwachia hata tulipoiona nyumba ya kwanza.